Mguu Kwenye Ncha ya Waya

Shangazi yangu alikuwa akisuka wavu wa fensi, na mtu akitaka kumuudhi alimwambia hiyo ni kazi ya wanaume. Yeye alimwonyesha viganja vyake, vigumu kama soli ya kiatu, kisha akaendelea kusuka. Mtaani walimwita Bi Waya, naye aliitika bila kinyongo, kwa sababu nusu ya mtaa ilishikiliwa na waya wake. Chekeche za mchanga za mafundi ujenzi, mabanda ya kuku, mitego ya panya, vichanja vya vyombo, henga za nguo, mishikio ya ndoo, hata ile springi ya mlango wa choo chetu iliyowapiga wageni makalioni kabla hawajafika ndani, vyote vilitoka mikononi mwake. Mama alizoea kusema kwamba wifi yake akisafiri siku moja tu, nyumba itaanguka. Mama alikuwa anatania. Baba hakucheka.

Karakana ilikuwa ya baba, uani kwetu, chini ya paa la mabati. Katikati palikuwa na mashine ya kusukia yenye mpini wa kuzungusha. Mmoja anazungusha, waya unatoka umejipinda. Mwenzake anaupokea, anaupitisha kwenye matundu ya waya uliotangulia, halafu anakunja ncha zake kwa plaizi. Zamani baba ndiye aliyepokea. Baada ya ajali walibadilishana nafasi, maana mtu wa jicho moja hapimi umbali vizuri. Baba akilenga tundu, waya unapita pembeni, anatukana, anajaribu tena. Basi shangazi akawa mpokeaji, baba akashika mpini, na kazi ikaenda.

Hiyo ajali ilikuwa hivi. Waya mgumu unafika kutoka kiwandani umeviringishwa bunda na kufungwa vifungo, na muda wote unataka kujinyoosha. Ukikata kifungo ovyo, ncha inaruka. Kwa hiyo watu wa kazi hii wana utaratibu wao: mmoja anaikanyaga ncha kwa kiatu kizito, anasema "kata," ndipo mwenzake anakata. Siku ile mkanyagaji alikuwa baba, na shangazi alikuwa ameinamia kifungo na mkasi wa chuma. Akakata. Ncha ikamchapa baba usoni, na jicho lake la kushoto likaishia pale pale.

Majirani walimiminika, na kabla baba hajafika hospitali hukumu ilikuwa imeshatoka: dada mtu amekata kabla ya kuambiwa. Shangazi mwenyewe hakuwa na uhakika. Alidhani alisikia "kata," lakini watu wote wakikuambia hukusikia, masikio yako mwenyewe unayatilia shaka. Baba hakumlaumu hata mara moja. Alirudi na bendeji, akamwambia, "Yameshapita, mdogo wangu. Tufanye kazi." Watu walimsifu kwa moyo wake mzuri. Nilikuwa msichana mdogo, nami nilimsifu.

Mabunda ya waya yaliletwa na dereva wa lori aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache na tumbo la kuridhisha. Akishashusha mzigo alikaa juu ya bunda na kumsimulia shangazi habari za kiwandani: jinsi chuma kinavyoingia kinene kama kidole gumba, kinapenyezwa tunduni na kuvutwa, kisha tundu dogo zaidi, kinavutwa tena, mpaka kinatoka chembamba kama uzi. Kikigoma kuvutika wanakitia tanuruni kilainike, ndio ule waya mweusi wa kufungia nondo. Chumba kingine wanakata misumari. Chumba kingine wanasokota kamba za chuma za kuvutia lifti. Shangazi alikuwa ameshika waya maisha yake yote na hajawahi kuona unakozaliwa. Alisikiliza kama wengine wanavyosikiliza habari za harusi.

"Siku moja nitakupeleka ukaone," dereva alisema.

"Utanipeleka kama nani?"

"Kama mke wangu. Labda kama unapendelea kwenda kama mzigo."

Shangazi alicheka mpaka akadondosha plaizi. Jioni hiyo hiyo dereva alimfuata baba, na baba akakubali bila kigugumizi. "Shemeji, mke umepata," alisema. "Ila tumalize kwanza fensi ya shule." Tukamaliza ya shule, ikaja ya zahanati. Tukamaliza ya zahanati, akaja mfuga kuku aliyetaka mabanda ya kujaa uwanja. Dereva hakukataliwa hata siku moja. Alipewa kiti, akapewa chai, akaitwa shemeji mbele ya wateja, akarudi alikotoka peke yake. Nywele za shangazi zilianza kuingia mvi akiwa bado kwetu.

Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza shule na kupata nafasi chuoni, nikawa nasaidia karakanani huku nikingoja masomo yafunguliwe. Nilikuwa nikimkuta amekaa katikati ya wavu aliousuka mwenyewe, umemzunguka kiunoni, na siku moja nikamwambia:

"Shangazi, si uende tu?"

"Nikienda, nani atampokelea waya?"

"Aajiri kibarua."

"Jicho nilimtoa mimi," alisema. "Kibarua anahusika nini?"

Nilitamani kumtikisa mabega. Nilimpenda, na nilimkasirikia kwa upole wake, na sikujua la kufanya.

Kisha dereva akapewa kazi ya kusimamia ghala la kampuni, mji wa mbali. Alikuja na mzigo wake wa mwisho, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Naondoka alasiri hii," alimwambia shangazi. "Kiti cha pembeni hakina mtu. Sikulazimishi. Ila chai ya shemeji nimechoka kuinywa."

Shangazi alijifuta mikono, akamwendea baba moja kwa moja.

"Kaka, nataka kuondoka."

"Si tulishaongea? Tukimaliza hii ya mfuga kuku tu..."

"Kaka." Hakuwa na tabia ya kumkatiza. "Najua nilikutoa jicho. Sijawahi kukuomba radhi kwa mdomo wangu, niliona aibu. Leo naomba. Nisamehe, uniachie niende."

Baba aliacha kuzungusha mpini. Nje dereva alikuwa anashusha bunda, tukasikia kishindo chake. Baba akatazama chini.

"Hukunitoa jicho wewe," alisema.

"Usinifariji, kaka."

"Sikufariji. Nilisema kata. Ulisikia sawasawa. Nilisema kata, kuku akaja kudonoa mkate wangu niliouweka chini, nikainua mguu nimfukuze."

Shangazi alimwangalia kama mtu anayesubiri maneno yamfikie.

"Uliinua mguu."

"Niliinua."

"Na ulijua."

"Nilijua tangu nikiwa pale chini nimeshika uso."

"Miaka yote hii, kaka?"

"Mwanzoni ilikuwa aibu. Mtu mzima kupoteza jicho kwa ajili ya kuku. Baadaye..." Akashika mpini, akauachia. "Baadaye, ungeniacha na nani?"

Nilidhani atapiga kelele. Mimi ningepiga. Yeye aliweka plaizi juu ya mashine, taratibu, akaingia ndani. Mama alimfuata, wakakunja nguo pamoja. Alitoka na begi, akampita baba bila kumtazama, akanifinya shavu kwa vile vidole vyake vinavyokwaruza, akapanda lori. Nililia kwa furaha, na kwa uchungu pia, kwa sababu alikuwa amelipa deni ambalo hakuwahi kulikopa. Lori likakata kona.

Niliporudi karakanani baba alikuwa amesimama upande wa mpokeaji. Alikuwa ametoa waya mmoja kwenye mashine, anaulenga kwenye tundu. Ukapita pembeni. Akalenga tena, ukapita pembeni. Hakutukana. Mfuga kuku alikuwa ameshafika, amesimama getini anaangalia saa yake. Baba hakuniita wala hakugeuka. Aliendelea kulenga na kukosa, kulenga na kukosa, akijua fika kwamba nipo nyuma yake.

Nilikuwa na hasira naye. Nikamsogelea, nikamnyang'anya ule waya, nikaupitisha. Baba akaenda upande wa pili, akashika mpini, akaanza kuzungusha.