Chama cha Wapanda Treni

Kinue alipofiwa na mumewe, alivaa kofia yake ya kazi akaendelea kukatisha tikiti katika kituo kile kile cha mbao, kwenye reli ya njia moja ipandayo bonde la Orose. Babu yake alitoa shamba la mpunga bure ili reli ipite, enzi za kusomba makaa na magogo. Kwa Kinue, kuifunga reli ile kulikuwa kumtukana mzee kaburini.

Kampuni iliposema itahesabu abiria vuli ile, na wakiwa haba reli ifungwe, alimkimbilia Toyomi, shoga yake tangu shule, mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni.

"Wewe tulia, shoga," alisema Toyomi, akimenya chenza. "Naunda Chama cha Wapanda Treni. Mabehewa yatatapika watu!"

Chama kikaundwa kweli. Watu wakapanga foleni kununua tikiti za siku ya kuhesabiwa abiria, hata vikongwe wasioweza kupanda ngazi. Kinue aliinama kushukuru mpaka kiuno kikamuuma. Jioni alimwekea marehemu mumewe chai mbele ya picha yake, akamwambia, "Reli imepona."

Siku ya kuhesabu, treni ya asubuhi ilifika na makarani wawili, na bibi mmoja aliyesinzia. Kituoni hapakuwa na mtu.

"Subiri kidogo, wanakuja," Kinue alimsihi dereva.

"Bi Kinue, mwenzangu amesimama na treni yake huko juu, treni zinapopishana, hawezi kuteremka mpaka nifike. Nisubiri mpaka lini?"

Ndipo Kinue akaona, ng'ambo ya mto, msururu wa magari barabarani. La mbele lilikuwa la Toyomi, limefungwa bango la chama. Walikuwa wanakwenda mjini, mkutanoni, kuitetea reli.

Jioni Toyomi alikuja akishangaa. "Tikiti si tulinunua? Wote! Sasa wamehesabu nini hao?"

"Wamehesabu watu."

"Ah, shoga, nawe! Treni yenyewe inatambaa, na ukikosa ya kurudi unalala mjini. Tungefanyaje?"

Kinue alielewa sasa. Kumbe walinunua tikiti kama watu watoavyo rambirambi: unatoa bahasha, unainama, unakwenda zako. Aliumia kuliko siku alipomzika mumewe, maana mumewe hakumdanganya.

Siku ya mwisho ya reli, bonde zima lilifurika kituoni kwa vijibendera na tarumbeta. Watu waligombea viti. Toyomi alikuwa dirishani, macho mekundu kwa kulia.

"Njoo ukae nami, shoga! Jamani, tutaishije bila treni?"

"Kwa gari, Toyomi. Kama mlivyozoea."

Waliokuwa karibu walicheka, wakidhani ni utani. Treni ikaondoka imejaa pomoni, na Kinue hakumpungia mtu mkono.