Siku ya Kupanda Kilimambogo

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, yale yaliyonuka gunia hata yakichemshwa. Niliukumbuka juzi, wajukuu waliponipeleka kutembea kwenye mbuga ya Kilimambogo.

Zamani hizo nilipita hapo na mama. Askari wa mbuga akasimamisha gari, akaniambia, "Panda, mtoto!"

Mimi Kikamba ndicho nilichojua. Kiswahili changu kilikuwa cha shamba tu: lima, panda, vuna. Na mkononi nilishika mahindi yangu ya mchana, yameiva, bado ya moto. Nikaona huyu mtu ni mwendawazimu. Mahindi yaliyochemshwa yataota wapi?

"Sipandi!"

"Panda haraka, kuna nyati!"

Kumbe anataka nilimie nyati! Nikayatia yote mdomoni. Mama alicheka mpaka leso ikamwanguka, ndipo akaninyanyua, akanitupa ndani ya gari.

Juzi mjukuu wangu, ambaye huniita Susu, yaani bibi kwa Kikamba, alinisikia nikihema kwenye kona ya mlima. Akasimamisha gari lililokuwa likitufuata polepole, akafungua mlango. "Susu, panda upumzike."

Sasa Kiswahili nakijua vizuri, na miguu yangu naijua zaidi: itanifikisha.

"Sipandi!"