Mkate Mwekundu wa Ijumaa

Mama mkwe alishuka kutoka mlimani kuja kuniona kwa mara ya kwanza siku ya Ijumaa, katikati ya Kwaresima. Tulikuwa tumefunga ndoa bomani, mwanawe na mimi, na hakuna mtu aliyekuwa amenikaribisha kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo wao la migomba na kahawa. Mimi ni mtoto wa mashamba ya miwa; wazazi wangu walikuja kutoka mbali kutafuta kazi. Nilijua kwamba akirudi juu na neno jema, nitapanda. Akirudi kimya, nitabaki Majengo, mke wa chumba cha kupanga.

Mume wangu alinieleza kabla ya kwenda kazini kwamba mama yake hagusi nyama Ijumaa za Kwaresima. Ilikuwa miaka ya uhaba: sukari ilikuwa haionekani, siagi tulikuwa tumeisahau hata harufu. Lakini mkate nilikuwa nimeupata baada ya kupanga foleni tangu alfajiri, na sokoni mboga hazikukosekana. Nikaponda parachichi kwa chumvi na ndimu. Nikachemsha karoti, nikaiponda na tangawizi. Nikachemsha bitiruti na kuiponda na kitunguu mpaka ikalainika. Vipande vya mkate nikavibanika juu ya jiko la mkaa, nikavipaka: kijani, rangi ya chungwa, nyekundu. Nilivipanga kwenye sahani kama mtu anayepanga maneno, na kwa kiburi changu cha mtu anayeandika hadithi nikaviweka vyekundu mbele, upande wake.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole. Tukazungumza habari za mvua na za kahawa. Kisha akaitazama sahani, akaikunja mikono yake mapajani, na hakuigusa.

Chai ikapoa. Mimi nikawa namwandika kichwani: mwanamke mwenye majivuno, kanga yake safi, jicho lake likihesabu umaskini wetu. Nilikwisha kumpa hata sentensi ya kwanza. Mdomo wangu ukanitangulia.

"Mama, siagi mjini haipatikani. Hiki ndicho tulichonacho."

Alinitazama kwa mshangao.

"Nani amekuuliza siagi, mwanangu? Leo ni Ijumaa." Akasogeza kidole karibu na kipande chekundu, bila kukigusa. "Nimeona umejitahidi kunipikia cha kwetu. Ila damu siwezi, mpaka Pasaka."

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameona kisusio, ile supu yao ya damu ya mbuzi, imegandishwa na kupakwa kwenye mkate na mkwe mgeni anayetaka kupendwa. Alikuwa amekaa muda wote ule akitafuta namna ya kukataa bila kuniumiza. Uso uliniwaka kama niliyeinamia jiko.

Nikamwambia si damu, ni mboga, inaitwa bitiruti, inachimbwa ardhini kama kiazi. Hakubishana.

"Basi onja wewe. Kwetu mwenye chakula ndiye anayeanza."

Hilo nalo sikulijua. Nikachukua kipande, nikauma, na rojo jekundu likanichuruzika mpaka kwenye blauzi nyeupe niliyoivaa kwa ajili yake. Alijizuia, akajizuia, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Umejichinja," alisema.

Akala cha parachichi, akala cha karoti, akaomba kingine cha parachichi. Chekundu hakukigusa hata baada ya kuamini.

Jioni nilimsindikiza stendi. Nilikuwa nimesugua vidole kwa majivu lakini wekundu haukutoka, nikauficha mkono chini ya kanga. Basi lilipoanza kunguruma, aliuvuta mkono huo huo nje, akaushika mbele za watu.

"Ukija nyumbani, maparachichi yapo mengi, tutaponda. Hiyo nyekundu yako uiache hukuhuku."

Ukija nyumbani. Nilichokitaka kilikuwa kimesemwa. Nilitazama chini, mkono wangu mwekundu ndani ya mkono wake, mpaka kondakta akamwita apande.