Nilisomea ngoma chuoni, ajira ikanikimbia uwanjani Kishapu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Naona vijana mnabishana kama diploma ya sanaa inalipa. Naweka yangu kama yalivyonikuta, bila chumvi. Atakayebisha abishe.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za foleni za sukari, nilimaliza chuo cha sanaa huko pwani. Ngoma na maigizo. Nikarudi Shinyanga na cheti kizuri na viatu vibovu.

Wenzangu waliobahatika walipata uafisa utamaduni, wengine ualimu. Mshahara wa kuvumilia, ila ulikuja kila mwezi. Sisi wengine tulirudi kwa wazazi kulima pamba.

Kisha kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kikatafuta mwalimu wa kudumu wa kikundi chake cha ngoma. Meneja akanipa majaribio: niwafundishe wafanyakazi, washindane Kishapu siku ya Sabasaba. Wakishinda, nina ajira.

Kwa wasiojua, Usukumani ngoma mbili hushindana uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna jaji. Anayebaki na watu wengi ndiye mshindi.

Mimi hilo nalijua tangu utoto. Lakini akili yangu ilikuwa kwa meneja, maana ndiye mwenye ajira.

Nikawapanga wachezaji mistari mitatu kama jukwaani, wote wanatazama kiti chake. Hatua zimenyooka, nilijivunia kweli.

Sasa pale watu wamewazunguka pande zote. Wengi waliona migongo tu. Halafu wapinzani wetu, wale wacheza na nyoka, wakatoa chatu kwenye kikapu.

Uwanja ukahama, wakuu.

Nilimwona mama yangu mzazi, aliyekuja kunishangilia, anakaza kanga na kukimbilia upande wa pili. Meneja akavumilia kidogo, kisha akabeba kiti chake mwenyewe, akafuata.

Tulimalizia wimbo mbele ya mbuzi na muuza maji. Niliumia, sitaficha.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, "Mama, hata wewe?"

"Ng'wanone, mwanangu, wewe nakuona kila siku. Chatu nitamwona lini tena?"

Meneja hakufoka. Aliniambia tu, "Kijana, mmecheza vizuri. Ila mlinichezea mimi, na wafanyakazi wangu wengine wote walikuwa upande ule." Ajira akapewa manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa wapinzani. Nasikia chatu alitengewa kona stoo.

Mimi nikaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Huko nimelea familia kwa sululu, diploma ikiwa sandukuni.

Chuo sikilaumu, kucheza kilinifundisha. Nilichokosea ni kudhani msanii analishwa na bosi. Bosi anasaini tu, anayekulisha ni yule aliyesimama juani anakutazama. Akiondoka, na bosi anaondoka.

Haya, mliosomea sanaa enzi hizo mliishia wapi? Na kama yupo ambaye mama yake alibaki upande wake, atuambie alicheza nini.