Alama Sabini na Nane za Waithaka

Celestine Nanyama ana umri wa miaka thelathini na minne na duka la kompyuta katika mtaa wa Free Area, Nakuru. Kwa msimu mmoja wa mpira alikuwa na mamlaka ambayo hata mwenyekiti wa ligi yetu ya mitaa hakuwa nayo. Hakuchaguliwa na mtu wala hakuapishwa. Aliyapata kwa kubadilisha mchezo wa video, shughuli ambayo mimi, mwalimu wa shule na katibu wa nidhamu wa ligi hiyo, nilikuwa nimeiweka katika kundi moja na kamari na kulala hadi saa nne.

Kazi yake ya kila siku ni kujazia watu fomu za serikali, kuchapa barua za kuomba kazi na kupiga picha za paspoti. Wateja wakipungua, hugeukia mchezo wake. Ni mchezo wa mpira wa miguu, toleo la zamani, uliotengenezwa na watu wa mbali ukiwa na timu za Ulaya. Nanyama huingia ndani ya faili zake, akatoa jezi za huko na kuweka za hapa, akatoa nyuso za huko na kuweka za hapa. Wenyewe huita kumodi. Alianza na Reli Stars, timu ya mtaa wetu, ambayo iliundwa na watoto wa wafanyakazi wa reli waliotoka Magharibi mwa Kenya. Babu yake mwenyewe alikuwa fundi wa mabehewa. Jezi ya kijani aliichora mpaka kile kiraka cha begani kwa nahodha. Uwanja aliutengeneza bila nyasi golini, kwa kuwa golini kwetu hakuna nyasi.

Nilikwenda kumkemea, nikakaa saa mbili.

"Keti, mwalimu," aliniambia. "Ukitaka kunigombeza, gombeza ukiwa umekaa."

Nilimwuliza kazi kama hiyo hufunzwa wapi.

"Hakuna pahali. Unaharibu, unarudia. Lakini kama kuna mtu anataka kuanza, mwambie aweke nakala ya mchezo wote kando kabla hajagusa kitu. Mimi sikuweka. Kazi ya mwezi mzima ilienda na sikuwa na mtu wa kulaumu. Halafu abadilishe kitu kimoja, afungue mchezo aone, ndio aende kwa kingine. Ukibadilisha kumi na mchezo ukatae kufunguka, utajuaje ni gani imeleta shida? Na akitumia kazi ya mtu, aandike jina la huyo mtu. Mchezo ukimwuliza kama anataka toleo jipya, akatae. Litafagia kila kitu."

Nimehudhuria semina za uongozi katika hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani, na sijatoka nazo na mawaidha manne yenye manufaa kiasi hicho.

Matatizo yaliletwa na alama. Katika mchezo huo kila mchezaji ana alama zake, kuanzia sifuri hadi tisini na tisa: mbio, kuruka, kupiga mpira, pumzi. Nanyama hakutaka kubuni. Jumapili baada ya ibada alikwenda uwanjani na daftari, akawatazama wachezaji na kuwaandika. Kisha faili lake likaanza kutembea kutoka kompyuta hadi kompyuta, mtaa hadi mtaa, na watu wazima wenye wake na watoto wakaanza kufika dukani.

Winga mmoja aliwekewa mbio hamsini na tano. Alikuja akashindana na bodaboda mbele ya mlango, watu wakitazama, akashindwa, akadai boda ilitangulia kuondoka. Mchungaji wa timu ya kanisa aliomba wachezaji wake waongezwe pumzi, kwa kuwa walikuwa wamefunga siku tatu. Nanyama alimjibu kwa heshima kwamba mtu aliyefunga siku tatu hupunguzwa pumzi. Hakumwongeza mtu hata alama moja. Nilimsifu hadharani katika mkutano wa ligi, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara.

Aliyezifurahia alama hizo kuliko wote ni Sitati, kocha wa Reli Stars. Sitati hupima magunia katika kiwanda cha unga na ni mtu mwema, ila kupanga timu kulikuwa kunamla. Akimwacha Mkikuyu benchi, ni mkabila. Akimwacha Mkalenjin, ni mkabila. Akimwacha Mluhya mwenzake, ni mkabila anayejificha. Siku moja aliingia uwanjani na karatasi aliyochapiwa kutoka kwa mchezo wa Nanyama, akawataja kumi na mmoja wenye alama za juu.

"Si mimi," alisema. "Ni kompyuta. Kompyuta haina kabila."

Hakuna aliyebisha. Kwa mara ya kwanza kwa miaka sita mazoezi yalianza bila mtu kukunja uso. Sitati alisema hata usingizi wake umerudi.

Katika karatasi hiyo kipa Waithaka, Mkikuyu, alikuwa na sabini na nane. Kipa Kemboi, Mkalenjin, alikuwa na arubaini na tisa.

Kemboi alikuwa amelinda goli la Reli Stars miaka minne. Hubeba mabati na saruji katika duka la vifaa vya ujenzi, kibarua cha siku kwa siku, na ana mtoto mmoja. Fainali ilikuwa ichezwe Jumamosi mjini Gilgil, na ilijulikana kila kona kwamba bwana mmoja, Ogada, atakuja kutazama. Ogada hutafutia wachezaji kampuni moja ya ulinzi yenye timu yake. Anayechukuliwa hupewa kazi ya kudumu, na safari hii alikuwa anatafuta kipa. Kemboi angeitazama fainali hiyo kutoka benchi.

Jumatatu nilikuwa dukani nikichapa karatasi za mtihani alipoingia.

"Sista, niaje."

"Poa. Umekuja kwa fomu ama kwa mchezo?"

"Nimekuja kwa maisha yangu."

"Hiyo sichapi hapa. Sema."

"Umeniandika arubaini na tisa."

"Nilikuona na macho yangu. Ulifungwa tatu."

"Uliniona mara moja, siku ya mvua. Mpira ulikuwa unateleza kama sabuni."

"Mvua ilinyeshea watu wote. Waithaka hakunyeshewa?"

"Waithaka hakucheza. Alikuwa benchi amejifunika jaketi yangu. Waithaka hakuwa amecheza hata mechi moja ulipotoa hiyo karatasi."

Nanyama alitoa daftari kwenye droo, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akarudia. Jina la Waithaka halikuwamo. Akafungua faili la mchezo, akavuta kiti karibu, na nikamwona akishika paji la uso.

Makosa yalikuwa rahisi mno. Ili kumwingiza mtu mpya katika mchezo ule, huanzi na nafasi tupu. Unachukua mchezaji aliyemo tayari, unamvua jina, sura na kimo, unamvisha mtu wako, na mwisho unabadilisha alama. Kwa Waithaka alikuwa amechukua kipa wa Denmark. Alipomaliza jina, sura na kimo, stima ilipotea. Iliporudi aliendelea na mchezaji mwingine, akiamini Waithaka amekwisha. Reli Stars ilikuwa imemchezesha Waithaka mechi tatu kwa alama za Mdenmark.

"Kwa hivyo si zake," Kemboi alisema.

"Si zake."

Kemboi alifikiri. "Basi nipe na mimi za huyo Mdenmark. Tulingane."

Nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kumwona kijana huyu kama mfano wa mnyonge aliyedhulumiwa, na kauli hiyo ilinirudisha chini.

"Sikupi," Nanyama alisema. "Na zako pia nazifuta. Mechi moja ya mvua si mechi." Aliwaandika wote wawili hamsini, alama anazompa mtu asiyemjua, akamtumia Sitati faili jipya na ujumbe wa kueleza kosa lake. Hakuilaumu stima. Nililiona hilo, na nalitaja kwa sababu siku hizi ni nadra.

Alhamisi Sitati alifika, kofia mkononi, unga kwenye nyusi.

"Madam, wamekufikia."

"Nani amenifikia?"

"Watu wa Kemboi."

"Ni Kemboi mwenyewe alikuja, na mwalimu huyu alikuwa hapa. Kocha, nilikosea. Njoo uone." Akamwonyesha kwenye skrini yule kipa wa Denmark, mwenye nywele nyeupe kama mahindi machanga, na alama zake zote, sawa na zile za Waithaka mstari kwa mstari.

Sitati alimtazama Mdenmark kwa muda mrefu. "Lakini wanafanana kidogo," alisema.

"Kocha."

"Hapa kwa mabega."

"Kocha, umemwona Waithaka akidaka. Macho yako yanasemaje?"

"Macho yangu ni ya Mluhya. Hiyo ndiyo shida. Zile za kwanza ni za ukweli, kabla watu hawajaanza kuingia hapa. Nikibadilisha kipa siku mbili kabla ya fainali nitaambiwa nini? Mungu akubariki, madam, lakini usiguse tena."

Nilimkumbusha kwamba mwenye faili ndiye anayesema ni bovu. Alinijibu kwamba mwenye faili ni binadamu, na binadamu hushawishika. Kwa mantiki hiyo kosa la Nanyama lilikuwa na heshima kuliko Nanyama.

Jumamosi alifunga duka, kitu ambacho hafanyi kamwe siku ya wateja, akaja Gilgil. Timu ilikuwa imekaa nyuma ya goli, jezi zimegawanywa, na Waithaka alikuwa anavaa glavu. Bwana Ogada alikuwa upande wa pili akinywa soda. Nanyama aliingia katikati ya duara.

"Naomba dakika moja. Kocha ataniudhikia, lakini mmekuwa mkipangwa kwa karatasi yangu na karatasi yangu ina makosa." Aliwaeleza yote, mpaka stima. "Waithaka, pole. Sikukuona ukicheza. Hizo alama nilizisahau tu hapo."

"Mnaona?" Sitati alisema. "Siku ya fainali. Nilisema wamemfikia."

Wachezaji walimgeukia Waithaka. Yeye huuza vipuri vya pikipiki na si msemaji.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kocha, kwa hiyo kompyuta mimi naruka kutoka mlingoti mpaka mlingoti. Uliniona nikiruka hivyo lini? Nikiruka mara mbili mgongo unauma wiki."

"Na mbona hukusema?" Nanyama aliuliza.

"Sista, ni nani hukataa sabini na nane?"

Mtu alicheka, kisha wote. Waithaka alivua glavu, akamrushia Kemboi bila kumtazama. "Shika. Na leo jaketi yako naivaa tena."

Sitati alikuwa ameanza kupinga, kisha nikaona uso wake ukilegea polepole, kama wa mtu aliyepunguziwa gunia. Waithaka, Mkikuyu, amejiondoa mwenyewe. Hakuna ambaye angeweza kumlaumu kocha. "Sawa," alisema kwa haraka. "Mmesikia wote. Ni yeye amesema."

Tulifungwa mbili kwa moja. Ningependa kuandika kwamba haki ilituletea kombe, lakini kombe lilibaki Gilgil. Goli la kwanza lilikuwa kosa la Kemboi kabisa. Alitoka mapema, akabaki njiani. Baada ya hapo alizuia mipira mitano, mmoja kwa uso, na la pili lilikuwa penalti.

Baada ya filimbi Ogada alitujia na karatasi. Niliitambua kabla hajaifungua. Lile faili lilikuwa limetembea mbali kuliko tulivyodhani: ilikuwa orodha ile ile, na jina la Waithaka limezungushiwa wino mwekundu.

"Nimesafiri kumwona huyu," alisema. "Mbona amekaa na jaketi?"

"Hiyo karatasi ni yangu, bosi, na imekosea," Nanyama alisema.

"Na huyu aliyecheza ana ngapi? Hapa naona arubaini na tisa."

Kemboi alikuwa hatua kumi kutoka hapo, tope mashavuni, akijifanya anafunga viatu. Nanyama alimwona. Angeweza kutaja namba yoyote na kipa huyo angekuwa na kazi. Mimi nilikuwa kando yake, na sina hakika kwamba ningemkemea.

"Mimi nimemwona mara mbili," alisema. "Ya leo umemwona vile nimemwona. Sina ya kukupa."

Ogada alisubiri, kama mtu anayedhani namba itakuja baadaye. Alipoona haiji aliikunja karatasi, akaangalia goli, akamwangalia Kemboi.

"Kijana, lile goli la kwanza ulikuwa unaenda wapi?"

"Nilidhani nitafika, mzee."

"Usidhani. Kuja Jumatatu saa mbili, na viatu. Tutakuangalia wiki mbili."

Walimwangalia mwezi mzima ndipo wakamchukua. Sitati amerudi kupanga timu kwa macho yake, na ameitwa mkabila mara tatu tangu Januari. Waithaka ndiye kipa wa kwanza wa Reli Stars, kwa kuwa hakuna mwingine. Nanyama amemtazama mechi tano, daftari mkononi, na amemwandika hamsini na sita. Waithaka alikuja dukani kulalamika. Akafunguliwa daftari, akaonyeshwa mechi moja baada ya nyingine, kila mpira aliodaka na kila mpira uliompita. Alisoma kurasa zote akiwa amesimama, kisha akaomba achapiwe zote.