Barafu Yenye Pembe Mbili

"Nani aliamua ni wapi usimamishe hesabu?" aliniuliza mmoja wa jury, walimu waliokaa kunipima, siku nilipotetea mémoire yangu ya kumaliza chuo. Nilitazama kwanza taa ya dari.

Kazi yangu ilikuwa kukokotoa kwa kompyuta jinsi barafu inavyoganda kwenye bawa la ndege ndani ya wingu lenye baridi. Bukavu barafu tunaijua kwenye friji ya vinywaji, lakini ndege zinazopaa kutoka uwanja wa Kavumu hukutana nayo huko juu. Programu ilihesabu upepo unaozunguka bawa, halafu matone yanayoligonga, halafu barafu. Niliiacha iende moja kwa moja hadi mwisho. Ikanipa nundu laini, wakati picha za majaribio ya kweli zilionyesha barafu yenye pembe mbili. Bila pembe hizo sikuwa na mémoire.

Chef de travaux aliyenisimamia, mwanamke wa sauti ya chini, aliniambia nisimame katikati ya hesabu, nichore upya bawa pamoja na barafu yake, ndipo nianze upepo tena.

"Ni kupoteza muda, Chef. Nani amehakikisha?"

"Wee mutoto unabisha! Hata wakikuambia moto inaunguza, utaomba preuve."

"Nitaomba."

Akacheka, akatazama skrini yangu, akatoka chumba cha kompyuta, akaenda ofisini kwake.

Baadaye kidogo umeme ukakatika. Uliporudi, kilichosalia kwenye diski kilikuwa umbo la barafu tu, kwa hiyo nililazimika kuchora bawa nalo na kuhesabu upepo upya. Wiki ile umeme ulikatika tena na tena, nami nikiutukana mji mzima. Lakini barafu ikaanza kuota pembe. Niliziangalia kama mzazi anayeona jino la kwanza la mwanawe. Kumbe upepo unaopita kwenye bawa tupu si ule unaopita kwenye bawa lenye nundu. Chef alikuwa na haki.

"Ni courant, Professeur, umeme wa Bukavu," nikamjibu hatimaye yule wa jury. Salle nzima ikacheka. Walinipitisha kwa sababu ya pembe zile, si kwa sababu ya jibu langu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa assistante, mwalimu msaidizi chuoni palepale, nilipewa ofisi ya Chef. Nyuma ya mlango nilikuta swichi inayokata umeme wa chumba kile cha kompyuta peke yake. Nikampigia simu.

"Ungekubali kusimama?" akauliza, akicheka.

Kila alipoona kwenye skrini barafu yangu imenenepa vya kutosha, alikuwa anarudi ofisini na kuishusha ile swichi.