Biya si Bia

Miaka ile nilikuwa nikihudumia wazee majumbani, na mgongo uliniuma hata siku za mapumziko. Kule Bredäng, mtaa mmoja wa Waswidi, nilikuwa na bibi mmoja kutoka mashariki ya mbali ya Urusi. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya Kiswidi, kisha Kirusi. Kilichobaki ni Kinegidali, lugha ya utoto wake huko kando ya mto Amguni, na hakuna kati yetu aliyekijua, hata binti yake.

Kila siku bibi alinyoosha kidole dirishani akasema, "Biya." Mimi, mtu wa Bukavu, nikasikia bia. Nikamwambia binti kwamba mama anataka bia. Alishangaa, maana mama yake hakuwahi kunywa, lakini alileta. Bibi alinusa glasi, akaisukuma mbali, akanitazama kwa uchovu. Kusema kweli hata mimi nilikuwa nimemchoka.

Binti akatafuta mwanamke mmoja Mwevenki, kwa kuwa Kievenki ni ndugu wa karibu wa Kinegidali. Mgeni alisikiliza kidogo, akacheka. Alisema kwao mto huitwa bira. Wanegidali, jirani zao, wameiangusha r wakaweka y. Ni Kievenki tu, alisema, kilichovunjika.

Hapo nilikasirika, ingawa hayakunihusu. Kanisani Wakenya walikuwa wakinicheka hivyo hivyo kila niliposema "niko nakuya" badala ya "ninakuja". Kumbe bibi wa watu alikuwa anaomba mto, na sisi tunamletea bia.

Karibu na pale hakuna mto, kuna ziwa. Tulimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka ukingoni, upepo ukitupiga, nami nikitamani kitanda changu. Binti akainama akasema alivyofundishwa na mgeni, "Bira, mama." Bibi hakugeuka. Binti akarudia kwa sauti zaidi, na mama yake bado anatazama mbele.

Nikamwambia kwa Kiswidi, "Usiseme kama yule mgeni. Sema kama mama yako."

"Biya," akasema binti.

Bibi akageuka. Maji mbele yetu yalikuwa hayaendi popote, na nadhani alijua vizuri kwamba ule haukuwa mto. Alimpapasa binti yake shavuni, akaitikia hivyo hivyo, taratibu, "Biya."